Kura Moja ya Chake Chake



Wiki hii tunashona nguo za bibi harusi wawili, na mazungumzo yakaangukia uchaguzi. Mmoja akauliza, "Kura yangu moja itafanya nini?" Tukasimamisha cherehani, tukamsimulia.

Mwaka 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kugombewa vilikuwa sita tu. Mpiga kura kisheria alikuwa mwanamme, raia wa Sultani, miaka 25 kwenda juu, tena awe na kisomo au mali. Bibi zetu hawakuwemo. Hata aliyekuwa na mikarafuu yake mwenyewe na kisomo chake, hakuwa na kura.

Mjadala ukaendelea mpaka sheria ikabadilishwa, na Januari 1961 wanawake wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Viti sasa vilikuwa 22. ASP ilipata 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Katika vile 10, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Moja tu, mashoga! Wajumbe wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni. Ghasia zikazuka, watu 68 wakauawa. Allah awarehemu.

Mwaka 1963 likaja jengine. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Sisi mafundi tunalielewa hili: kitambaa ni kile kile, mkato ndio unaoamua nguo itakaaje. Mipaka ya majimbo ndiyo mkato wenyewe. Kwa hiyo kupewa kura ni jambo moja, na kura hiyo kuhesabika kwa haki ni jengine. Yote mawili yanataka sheria nzuri na watu waadilifu.

Basi bibi harusi, ukihamia kwa mumeo usipange vyombo tu. Sheria yetu ya uchaguzi inaangalia ukaazi, kwa hivyo nenda kwa sheha mapema, uliza kuhusu kitambulisho na daftari la wapiga kura. Wanawake walimpa Mtume (SAW) bai'a kwa kauli zao wenyewe. Kura nayo ni amana. Bibi zetu waliisubiri, sisi tusiidharau.