Tushukie Stesheni Gani? Historia Fupi ya Reli na Bustani za Burudani

Likizo ya shule ikikaribia tu, makundi ya WhatsApp ya familia yanaanza kuchemka. Shangazi wa Leicester anataka kuwapeleka watoto Alton Towers, binamu wa Reading anasema Legoland, na mjomba asiyependa kusafiri mbali anauliza kwani Chessington ina ubaya gani. Tiketi za kuingilia zinapatikana haraka. Swali linalomaliza betri za simu ni lingine kabisa: tukienda kwa treni, tushukie wapi?

Ramani ya simu itakupa jibu, ila haitakwambia kwa nini jibu lenyewe ni la ajabu hivyo. Kwa nini mji mdogo kama Windsor una stesheni mbili? Kwa nini bustani kubwa kama Alton Towers haina hata moja? Kwa nini treni ya London inakushusha Blackpool, lakini mbali na kule unakotaka kwenda? Majibu yapo kwenye historia, na ukiijua, kupanga safari kunakuwa rahisi zaidi. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zisizo na gari, au zenye gari moja ambalo baba analitumia kwenda kazini usiku, kwa hiyo jambo hili si dogo. Stesheni ikiwa karibu, mtoto anaenda. Ikiwa mbali, anaambiwa "mwakani, inshallah".

Blackpool: stesheni iliyouzwa

Tuanze Blackpool, maana huko ndiko reli na raha zilikofunga ndoa. Reli ilifika mwaka 1846. Kabla ya hapo Blackpool palikuwa mahali pa watu wachache wenye uwezo, waliokwenda kuoga maji ya bahari kwa ajili ya afya. Treni zikawaleta wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, vile vile ambavyo vitambaa vyake viliuzwa hadi Zanzibar na Mombasa. Miji kama Oldham, Bolton na Blackburn ilikuwa na desturi moja: kila mji ulikuwa na wiki yake ya kufunga viwanda, na wiki hiyo ikifika, karibu mtaa mzima unapanda treni kwenda baharini. Wiki ijayo zamu ya mji mwingine. Yaani pwani ilijaa majira yote ya joto.

Stesheni ya kwanza ndiyo tunayoiita leo Blackpool North. Mwaka 1863 ikafunguliwa ya pili, ambayo baadaye ilipewa jina la Blackpool Central, na hiyo ndiyo ilikuwa tamu. Ukitoka mlangoni, bahari hiyo hapo. Mnara wa Blackpool ulipofunguliwa mwaka 1894, ulikuwa jirani yake. Stesheni ilipanuliwa mpaka ikawa na majukwaa 14. Mwaka 1896 William George Bean naye akaanzisha bembea na michezo kwenye mchanga wa upande wa kusini, na huo ukawa mwanzo wa Pleasure Beach.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwaka 1963 Dr Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la serikali, alitoa ripoti yake maarufu ya kubana matumizi. Maelfu ya stesheni ziliwekwa kwenye orodha ya kufungwa. Kwa Blackpool, pendekezo lilikuwa kuifunga North na kuibakiza Central. Lakini baraza la mji lilikuwa na jicho kwenye ardhi ya Central, kwa sababu kiwanja kilichokuwa katikati ya mji, hatua chache kutoka baharini, kilikuwa na thamani kubwa. Baraza likashawishi, mambo yakageuzwa, na Novemba 1964 Central ikafungwa. North ikapona. Sehemu kubwa ya mahali zilipokuwa zikiingia treni ikawa maegesho ya magari.

Ukitafakari, hapo utaona nani alikuwa anafikiriwa. Mwenye gari alipata pa kuegesha karibu kabisa na bahari. Mwenye kigari cha mtoto, begi na tiketi ya treni akaambiwa atembee.

Pleasure Beach nayo ilikaa miaka mingi bila stesheni yenye jina lake, ingawa reli ilipita ubavuni. Ilipofika 1987 ndipo ikafunguliwa Blackpool Pleasure Beach, kwenye tawi linalokwenda Blackpool South. Kwa hiyo leo kuna stesheni tatu zenye jina la Blackpool, na hapa ndipo watu wanapokosea. Treni za moja kwa moja kutoka London zinakwenda North. Ukitaka kushuka mlangoni pa rolakosta, badilisha treni Preston, chukua ile ndogo inayopita Lytham. Tatizo lake ni kwamba haiji mara kwa mara, kwa hiyo angalia saa kwanza. Ukiikosa, nenda North, kisha panda tramu ya ufukweni. Tangu 2024 tramu zinafika hadi kwenye stesheni ya North, na zile za kwenda Starr Gate zinapita Pleasure Beach. Tramu za Blackpool zipo tangu 1885, kwa hiyo utakuwa unasafiri kwa chombo chenye historia ndefu kuliko bustani yenyewe.

Alton: treni ilikuja, ikaondoka

Habari ya Alton Towers inauma zaidi. Watu wengi hudhani bustani ile iko porini kwa hiyo reli haikuwahi kufika. Kumbe ilifika! Stesheni ya Alton ilifunguliwa mwaka 1849, bondeni kabisa, chini ya mali ya Earl wa Shrewsbury. Wakati huo hapakuwa na rolakosta. Watu walikuja kuangalia bustani za maua na jumba la bwana mkubwa, na kampuni ya reli ya North Staffordshire iliendesha treni maalumu za matembezi.

Abiria wa mwisho walishuka Januari 1965, kipindi kile kile cha kubana matumizi. Miaka 15 baadaye, mwaka 1980, Alton Towers wakazindua Corkscrew, rolakosta iliyoibadilisha ile bustani ya maua kuwa kivutio cha nchi nzima. Watu wakaanza kumiminika, na reli ilikuwa imeshang'olewa. Jengo la stesheni bado lipo, limetunzwa vizuri na shirika la Landmark Trust, ambalo hulikodisha kwa wanaotaka kulala humo likizo. Unaweza kulala stesheni ya Alton, ila huwezi kufika hapo kwa treni.

Leo stesheni ya karibu ni Uttoxeter, na wengine hupitia Stoke-on-Trent kwa sababu treni za kufika huko ni nyingi zaidi. Kote kuwili unahitaji basi au teksi baada ya hapo, na basi ndilo linaloamua siku yako itakuwaje. Kabla hujanunua tiketi ya treni, hakikisha basi lipo siku hiyo, na uangalie la mwisho la kurudi ni saa ngapi.

Na onyo moja kwa wanaonunua tiketi kwa haraka: stesheni inayoitwa Alton ipo, na inafanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kwamba iko Hampshire, kama kilomita 200 kutoka kwenye rolakosta. Ukiona treni yako inaondokea Waterloo, jua unakwenda kuangalia mashamba.

Windsor na Chessington: fedha, wakubwa na vita

Windsor ina stesheni mbili kwa sababu kampuni mbili ziligombea heshima ya kumfikia Malkia Victoria. Shule ya Eton, iliyo ng'ambo ya mto, haikutaka reli karibu na wanafunzi wake na iliweka vikwazo kwa miaka. Walipolegeza, kampuni zote mbili zikakimbia. Great Western ikafika Oktoba 1849 kupitia Slough, na washindani wao wakafika Desemba mwaka huo huo. Ndiyo maana hadi leo kuna Windsor & Eton Central, unayoifikia kutoka Paddington kwa kubadilisha Slough, na Windsor & Eton Riverside, unayoifikia moja kwa moja kutoka Waterloo. Legoland ilikuja 1996 tu, kwenye eneo la juu lililokuwa na mbuga ya wanyama, na haiko karibu na hata moja kati ya hizo mbili. Chagua kwa kuangalia unatokea upande gani wa London, kisha malizia kwa basi.

Chessington nayo ni hadithi ya reli iliyokatika. Bustani ya wanyama ilifunguliwa 1931. Reli ikafika Chessington South Mei 1939, na mpango ulikuwa iendelee hadi Leatherhead. Miezi michache baadaye vita vikaanza. Vilipokwisha, sheria za kulinda mashamba yanayoizunguka London zilizuia nyumba mpya kujengwa kule, na bila nyumba hakuna abiria. Reli ikabaki hapo hapo. Jukwaa la pili lilijengwa, lakini halijawahi kupokea abiria. Kwetu sisi ni bahati: mwisho wa reli uliangukia umbali wa kutembea kwa miguu kutoka langoni. Kwa asiye na gari, London yote haina safari rahisi kuliko hii. Mjomba alikuwa na hoja.

Paris: stesheni kwanza

Wafaransa walifanya kinyume. Disney ilipotia saini mkataba na serikali ya Ufaransa mwaka 1987, kurefushwa kwa reli ya RER A kulikuwa sehemu ya makubaliano. Aprili 1992 stesheni ya Marne-la-Vallée–Chessy na bustani vilifunguliwa ndani ya wiki mbili. Mwaka 1994 zikafika treni za kasi, na kuanzia 1996 Eurostar ikatoka London hadi pale moja kwa moja. Watoto walilala Kent wakaamkia kwa Mickey.

Juni 2023 treni hiyo ikasitishwa. Kampuni ilisema inahitaji kujikita kwenye njia zake kuu, huku ikijikwamua kifedha na kusubiri taratibu mpya za mpaka za Ulaya. Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha Lille Europe, ambako treni ya kasi inakupeleka hadi Chessy. Ya pili ni kushuka Gare du Nord, kisha kuvuka Paris kwa RER na kuingia RER A. Ukiwa na mabegi na watoto wadogo, Lille ni afadhali, hata ikibidi kusubiri. Unabadilisha jukwaa tu, huhangaiki chini ya ardhi na umati wa Châtelet.

Na nyumbani je?

Waliokwenda Kenya tangu 2017 wanaijua hali hii. Stesheni za zamani za Nairobi na Mombasa ziko mjini. Treni mpya ya SGR inaanzia Syokimau na kuishia Miritini, na kabla hujaonja bahari unahitaji usafiri mwingine. Sababu za ardhi na gharama zipo kila mahali, na kila mahali maumivu humwangukia asiye na gari.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza "lipa", jiulize maswali matatu. Stesheni yenye jina la mahali hapo iko mahali hapo kweli? Kutoka jukwaani hadi langoni kuna nini, na kinapita mara ngapi? Na usafiri wa mwisho wa kurudi ni saa ngapi? La tatu ndilo watu husahau, kwa sababu asubuhi kila mtu ana furaha.

Halafu waulizeni wazazi wenu walipokuja nchi hizi walishukia stesheni gani mara ya kwanza, na nani aliwapokea. Tuandikieni majibu, tutayasoma kwenye kipindi.