Barua za Makunganya na majina yaliyomo kwenye simu yako

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, si mnajua tena mambo ya testi na zile kazi za makundi ambazo kundi zima ni mtu mmoja. Leo nimepata upenyo, niko kwenye vimbweta, bando la usiku bado lipo, basi ngoja niandike ile mada niliyoahidi: hivi ni kweli kuna watu wanauza habari za mambo tunayofungua kwenye intaneti, na sheria inasemaje? Mimi si mwanasheria, nasoma ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Kwa hiyo nitaanzia mbali, na kwa kuwa mimi ni wa Kilwa Kivinje mtanivumilia nikianzia nyumbani.

Kivinje kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga. Wengi wenu mkiwa kwenye basi la Lindi au Mtwara mnasimama Nangurukuru, mnanyoosha miguu, mnaendelea na safari, Kivinje mnaiacha mkono wa kushoto. Siku moja shukeni. Jina lenyewe linajieleza, hapo palikuwa na mwembe na Wajerumani walinyongea watu hapo. Anayekumbukwa kuliko wote ni Hassan bin Omari Makunganya, mkubwa wa Kiyao aliyekuwa na nguvu zake huko ndani, nyuma ya mji wa Kilwa. Wajerumani waliiteka pwani hii Mei 1890, lakini kuteka pwani ni jambo moja na kutawala bara yake ni jambo lingine. Mwaka 1894 watu wa Makunganya waliuvamia mji wenyewe. Novemba 1895 akakamatwa, akanyongwa.

Hapo ndipo masimulizi mengi yanapoishia. Mimi kilichonikaa kichwani ni barua. Kumbe walipomkamata walikuta kwake barua alizokuwa akiandikiana na watu wa mjini, zile barua za zamani za herufi za Kiarabu. Wakakaa wakazisoma. Na ndani ya barua yakatoka majina ya wakubwa wa Kilwa, watu wenye biashara zao na heshima zao, ambao mchana walikuwa wanasalimiana na maofisa wa boma kama hakuna kitu. Kesi ikawageukia na wao.

Jiweke kwenye nafasi ya mmoja wa wale watu. Umeandika barua yako nyumbani kwako, umemkabidhi mtu unayemwamini, imefika. Nakala haipo mikononi mwako tena, ipo kwenye sanduku la mtu mwingine, huko Makunganya anakokaa. Hata ukitaka kuichoma huwezi. Usalama wako sasa unategemea sanduku ambalo funguo zake huna, pamoja na barua za watu kumi wengine ambao pengine hata hamjuani, lakini mkisomwa kwa pamoja mnaonekana kundi moja.

Sasa turudi kwenye simu.

Ukifungua tovuti yoyote, sema ya nguo au ya matokeo ya mpira, tovuti ile inaacha kwenye simu yako kijialama kidogo kinachoitwa kuki (wakubwa wa Kiswahili sanifu wanasema kidakuzi). Alibuni mtu anaitwa Lou Montulli mwaka 1994 akiwa kampuni ya Netscape, na nia ilikuwa njema tu: tovuti ikukumbuke, isikuone mgeni kila ukibofya ukurasa mpya. Halafu wafanyabiashara wa matangazo wakagundua kwamba wakiweka kuki ya kwao kwenye tovuti nyingi kwa mpigo, wanaweza kukufuata kutoka moja hadi nyingine. Umesoma habari za ujauzito hapa, ukaangalia bei ya pikipiki pale, ukatafuta dawa ya vidonda vya tumbo usiku wa manane. Kila kimoja peke yake si kitu. Vikiwekwa kwenye sanduku moja ni wewe mzima, pengine kuliko unavyojulikana na mama yako.

Na lile sanduku linauzwa. Huu si umbea. Kuna programu ya kukinga virusi inaitwa Avast, nina uhakika nusu ya kompyuta za hosteli yetu zimewahi kuwa nayo kwa sababu ni ya bure. Kampuni ile ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot, na kwa miaka kadhaa hadi 2020 ikawa inauza habari za kurasa wanazofungua watumiaji wake kwa wanunuzi zaidi ya 100. Mlinzi wa getini ndiye alikuwa anauza orodha ya wanaoingia na kutoka! Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikatangaza kwamba kampuni italipa dola milioni 16.5 na kuzuiwa kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo.

Huko huko Marekani kuna kisa kingine. Oktoba 2016 tume yao ya mawasiliano ilipitisha kanuni kwamba kampuni inayokupa intaneti isitumie wala kuuza habari za unachofungua mpaka umekubali. Machi 2017 bunge lao likaifuta, baraza la juu kwa kura 50 kwa 48, la chini 215 kwa 205, na Aprili 3 Rais Trump akasaini. Kanuni ilikuwa haijaanza hata kufanya kazi sawasawa. Nimelitaja kwa sababu kampuni inayokupa intaneti si sawa na tovuti moja. Tovuti inaona chumba kimoja, huyu anaona mlango mkuu. Siku hizi tovuti nyingi zimefungwa kwa siri kiasi kwamba haoni ulichoandika ndani, lakini anaona umekwenda wapi, saa ngapi na umekaa muda gani. Watu wa Kilwa wa 1895 wangetuambia kwamba kujua tu nani kamwandikia nani kunatosha kabisa.

Kwetu historia imekwenda kwa njia nyingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Marekani ugomvi umekuwa zaidi na mfanyabiashara. Kwetu, kwa muda mrefu, aliyeshika daftari ni serikali. Wajerumani walianza kodi ya nyumba 1898, na kodi haikusanywi bila kuhesabu nyumba na wenye nyumba. Jirani zetu Kenya wakaletewa kipande: sheria ya 1915, ikaanza kutekelezwa 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika anatembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, wengine wakiivaa shingoni ndani ya kikopo. Tumepata uhuru, daftari likabaki, ila sasa na Katiba ipo: ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, imeingia pamoja na haki nyingine kwenye mabadiliko ya 1984.

Kisha ikaja intaneti ya kasi, maana nyaya za baharini zilifika Dar kuanzia 2009, na daftari likakua haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe wafunge kamera, waandikishe kila mteja kwa kitambulisho, na picha na daftari vikae miezi 12. Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho ukawa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Mnakumbuka foleni za vitambulisho vya NIDA? Bibi yangu alipanga foleni siku mbili, vidole vimechakaa kwa kukatua shamba, mashine haivisomi. Alisema mkono huu umelima miaka hamsini leo unaambiwa haupo.

Katikati ya hayo kuna kesi ambayo kwangu mimi ndiyo kinyume cha kisa cha Makunganya. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alifikishwa mahakama ya Kisutu, na moja ya mambo aliyoshtakiwa ni kuzuia upelelezi kwa kutowapa polisi taarifa za waliokuwa wakiandika kwenye mtandao wake. Aprili 2020 akatiwa hatiani katika mojawapo ya kesi zake. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane, lakini huyu ni mtu aliyeshika sanduku la barua za watu na akagoma kulifungua. Wangapi wanaoshika masanduku yetu leo wangegoma? Simlaumu mtu, nauliza tu.

Sheria iliyosubiriwa ikaja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Kenya na Uganda walitutangulia, wote 2019. Nimeisoma ya kwetu kwa shida (lugha ya wanasheria, Mungu awasamehe) na kwa kweli si sheria ya kubeza. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu lazima asajiliwe. Mwenye taarifa aelezwe zinachukuliwa za nini. Una haki ya kudai usahihishiwe, na haki ya kukataa zisitumike kukutangazia biashara. Anayezitoa kinyume cha sheria, akiwa mtu binafsi, faini inafika shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10, na kampuni faini inafika bilioni 5. Kwa hiyo mkiniuliza kama Tanzania kuna sheria, jibu ni ndiyo, ipo, na ina meno.

Swali langu liko kwenye neno "nimekubali".

Rumu meti wangu ameniruhusu nieleze haya. Muhula uliopita bumu lilichelewa, akakopa shilingi 50,000 kwenye apu ya mikopo, zile za kausha damu. Ili upewe, apu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu. Akabofya kukubali, nani kati yetu hubofyi? Siku ya kulipa ikapita. Siku ya tatu simu yangu ikaingia ujumbe kwamba fulani ni tapeli na mimi ni mdhamini wake, nimwambie alipe. Ujumbe uleule ukaenda kwa mwalimu wake mkuu wa shule ya msingi kule Mchinga, kwa fundi wake wa cherehani, kwa mjomba wake mwenye duka Lindi mjini, kwa mchumba waliyeachana. Zaidi ya watu mia mbili. Alilia siku mbili, akataka kuacha chuo. Deni lenyewe tulilichanga chumbani jioni moja tu likaisha, lakini mjomba mpaka leo hapokei simu yake.

Hayuko peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni na kuwatahadharisha wananchi. Ila angalieni vizuri kilichotokea. Rumu meti alikubali, sawa. Mimi sikukubali. Mwalimu mkuu hakukubali. Mjomba hajawahi hata kuiona hiyo apu. Majina yetu yalikuwa kwenye sanduku la mtu mwingine na yeye ndiye aliyetoa funguo. Mijadala mingi ninayosikia hapa chuoni inaishia kwa mkopaji: alikuwa mjinga, hakusoma masharti. Hata angesoma masharti yote kwa sauti mbele ya Seneti ya chuo, hana mamlaka ya kusema ndiyo kwa niaba ya mjomba.

Kenya hilo wamelitolea hukumu. Septemba 2023 ofisi yao ya ulinzi wa taarifa iliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwatumia walalamikaji ujumbe na simu za vitisho. Siku hizo hizo shule moja nayo ikapigwa faini kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu watarajiwa mliopo, zile picha za watoto mnazorusha mkiwa mazoezini, mmeuliza mzazi gani?

Basi jana jioni tumekaa watu saba, wote tuliopokea ule ujumbe, tukaanza kuandika malalamiko kwenda kwa Tume. Tumekubaliana tusiandike kama mashahidi wa rumu meti. Tunaandika kama wenye taarifa, kila mtu kwa jina lake, kwamba namba yangu imechukuliwa na mtu nisiyemjua, sikuelezwa ya nini, na ikatumika kunitisha. Tarehe tunazo, picha za ujumbe tunazo. Wawili wanaogopa kuweka majina yao kwenye barua ya serikali, na baada ya yote niliyoandika hapo juu siwezi kuwashangaa. Rumu meti amempigia mjomba kwa namba ya mtu mwingine kumwuliza kama naye atatia saini. Mjomba amesema atafikiria, halafu akauliza barua yenyewe ataihifadhi nani.

Bando linakata. Tutaonana wiki ijayo, nitawaambia tumefika wapi.