Viwango vya Uboreshaji katika Kiini cha Linux: Jambo na Jina Lake

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowafikia wafasiri wetu, "uboreshaji" ni mojawapo ya zile zinazopita bila kuulizwa. Maana yake ya kawaida yaeleweka: kukifanya kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Lakini neno hilo linapotumiwa kwa kazi ya kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mtungaji kuwa amri za mashine, na hasa inapofasiri kiini cha mfumo wa uendeshaji, historia yaonyesha kwamba maana hiyo haitoshi, na pengine hupotosha.

Mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa kompaila ya Fortran kwa mashine ya IBM 704. Watungaji wengi wa siku hizo waliandika amri za mashine wenyewe, wala hawakusadiki kwamba fasiri ya kompaila ingekwenda kasi sawa na kazi ya mikono yao. Kwa sababu hiyo kompaila hiyo haikuridhika kufasiri neno kwa neno. Ilizipanga hesabu upya na kuacha zilizorudiwa bure. Baadaye Frances Allen na John Cocke, wote wa IBM, waliiwekea kazi hiyo misingi ya kinadharia.

Kompaila ya GCC ilitolewa na Richard Stallman mwaka 1987, na Linus Torvalds aliitumia kujenga kiini cha Linux alichokianzisha mwaka 1991. Ajengaye kiini huonyesha kiwango kwa herufi O na tarakimu: 0 ni kufasiri bila kuboresha, 2 ndicho kiwango cha kawaida cha Linux, na 3 hutafuta kasi zaidi, aghalabu kwa kuongeza ukubwa wa programu. Msomaji atadhani kuwa 0 ndicho kiwango cha salama kuliko vyote. Sivyo. Matoleo ya awali ya Linux hayakuweza kujengwa kwa kiwango hicho, kwani vijisehemu vingi viliandikwa kwa kutegemea kwamba kompaila itavipachika palepale vinapoitwa. Isipoboresha haivipachiki, na sehemu za programu zinapokuja kuunganishwa, vijisehemu hivyo vinatafutwa na havionekani.

Hatari iliyo upande wa pili ilidhihirika mwaka 2009. Katika sehemu moja ya Linux inayohusu mitandao, mtungaji alikitumia kielekezi kwanza, kisha akauliza kama kielekezi hicho ni kitupu. Kosa lilikuwa lake. Lakini kompaila ilipofika hapo ilihoji hivi: kielekezi kilichokwisha kutumiwa hakiwezi kuwa kitupu, basi swali hili halina kazi. Ikalifuta. Katika programu ya kawaida, kosa kama hilo huishia kwa programu kuanguka. Katika kiini, mtu mwenye hila aliweza kuweka maandishi yake kwenye anwani ya sifuri, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Tangu mwaka huo Linux hujengwa kwa amri ya ziada inayoikataza kompaila kufuta maswali ya namna hiyo. Na mwaka 2022, lilipoletwa pendekezo la kukifungua kiwango cha 3 kwa mashine za kila aina, Torvalds alilipinga.

Sasa mwalimu atamwelezaje mwanafunzi kwamba wasimamizi wa kiini wamekataa kitu "kilichoboreshwa zaidi"? Ugumu huu si wa mwanafunzi; umo katika neno tulilompa. (Waingereza nao hawako salama, maana neno lao ladai ubora wa mwisho kabisa, ambao hakuna kompaila inayoufikia.) Kompaila hupanga upya, hupachika na huondoa, ikiamini kwamba mtungaji ametii kanuni zote za lugha. Kwa maoni yangu kitenzi "noa" chakaribia zaidi: anoaye kisu hutafuta ukali kwa kupunguza chuma, na kila fundi ajua mahali pa kukomea. "Kiwango cha unoaji" hakimwahidi msomaji kwamba 3 ni bora kuliko 2. "Uboreshaji" nao ubakie kwa kazi ya mtungaji anayeipitia programu yake mwenyewe, ambaye analiona swali kabla ya kulifuta.