Stensili ya Zambarau: Jinsi Mashine za Ofisini Zilivyoishia kwa Wachora Tatuu

Mashine za fotokopi zilipoenea katika ofisi na shule za Marekani, mashine ndogo za Thermofax zilianza kurundikwa stoo. Walimu walikuwa wakizitumia kutoa nakala za mazoezi na mitihani, na sasa hawakuzihitaji tena. Waliozihitaji walikuwa mafundi ambao hazikutengenezwa kwa ajili yao: wachora tatuu. Walizinunua kwa bei ya mtumba, wakazisafisha, wakaziweka mezani karibu na sindano na chupa za wino. Zipo ambazo mpaka leo zinapiga kazi.

Anayefuatilia historia ya stensili ya tatuu atakuta habari ya namna hiyo inajirudia. Kwa muda mrefu fundi huyu hakuwa na kiwanda kilichomfikiria. Vifaa vyake alivitoa kwenye kazi za watu wengine, kwa karani na kwa mwalimu, na mara nyingi bei ndiyo iliyoamua achore vipi.

Haja yenyewe ni ya zamani. Mstari ukishaingia ngozini haufutiki, kwa hiyo fundi makini huweka kwanza alama ya kufuata. Jean de Thévenot, msafiri Mfaransa aliyefika Nchi Takatifu mwaka 1658, alieleza jinsi Wakristo wa Bethlehemu walivyowachora mahujaji. Walikuwa na chapa za mbao zilizochongwa. Hujaji alichagua aliyoipenda, chapa ikapakwa unga wa mkaa na kukandamizwa mkononi, kisha fundi akaivuta ngozi kwa mkono wa kushoto na kudunga juu ya alama ile kwa sindano mbili zilizofungwa kwenye kijiti. Katika Mji wa Kale wa Yerusalemu, familia ya Razzouk, Wakristo wa Kikopti wenye asili ya Misri, bado inaifanya kazi hiyo na bado inazo chapa zake za kale. John Carswell alizikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Sijui kama kuna stensili iliyowahi kuwa nafuu kuliko hiyo: kipande cha mbao kilichochongwa mara moja kikatumika vizazi kwa vizazi. Udhaifu wake ni kwamba kila mchoro unataka chapa yake, na mchoro mpya unamsubiri mchongaji.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye makaratasi ya ofisini. Mwaka 1875 Thomas Edison na msaidizi wake Charles Batchelor walibuni kalamu ya umeme, na hataza yake ikatolewa mwaka 1876. Haikuwa kalamu ya kuandikia kwa wino. Mota ndogo iliyokaa juu yake iliisukuma sindano ipande na kushuka kwa kasi, ikitoboa karatasi kwa vitundu vidogo kufuata mwandiko. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa stensili: ukipitisha wino juu yake, unapenya kwenye vitundu na kutoa nakala. Makarani walichoshwa na betri yake ya majimaji iliyotaka kuhudumiwa kila mara, na kalamu ikapoteza soko. Lakini tarehe 8 Desemba 1891, Samuel O'Reilly, mchora tatuu wa New York, alipata hataza ya mashine ya tatuu ya umeme iliyofuata wazo lilelile la sindano inayosukumwa na mota. Kwa maneno mengine, chombo cha kutengenezea stensili za ofisini ndicho kilichoitangulia mashine inayochora ngozi.

Upande wa ofisi, kazi iliendelea bila kalamu hiyo. David Gestetner alianza biashara ya stensili za nta jijini London mwaka 1881, naye A. B. Dick wa Chicago akaingiza mimeografu sokoni mwaka 1887 kwa hataza za Edison. Aliyesoma Tanzania au Kenya kabla ya kompyuta kuenea anazijua jamaa za mashine hizo hata kama hajui asili yake. Karani alikata stensili ya mtihani kwa taipureta, akaziba makosa kwa dawa nyekundu ya kurekebishia, kisha Gestetner ikazungushwa mpaka darasa zima lipate karatasi.

Wachora tatuu wa Marekani, kwa upande wao, waliishikilia seluloidi kwa miongo mingi. Lilikuwa karatasi gumu la plastiki linalopitisha mwanga, la jamii ya filamu za picha. Fundi aliliweka juu ya mchoro na kuufuatisha kwa ncha kali hadi mistari yote ikawa mifereji. Mteja alipofika, alinyolewa pale pa kuchorwa na kupakwa Vaseline kidogo sana. Unga wa mkaa ukasuguliwa ndani ya mifereji, plastiki ikalazwa kwenye ngozi na kubonyezwa, mkaa ukanata kwenye mafuta. Hapo ndipo ustadi ulipoonekana. Mkaa ule ulifutika kwa mguso tu, na fundi analazimika kufuta wino na damu kila wakati. Kwa hiyo alianzia chini ya mchoro na kupanda juu, asije akafuta kwa kiganja mistari ambayo bado hajaifikia.

Plastiki hiyo ilidumu miaka, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kwa fundi. Lakini iligusa mwili baada ya mwili. Mwaka 1961 idara ya afya ya New York ilipiga marufuku uchoraji wa tatuu ikitaja homa ya ini, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1997. Lawama ya kwanza iko kwa sindano zilizorudiwa, ila stensili inayozunguka kwa wateja nayo haiwezi kutetewa.

Karatasi ya zambarau ndiyo iliyoleta nafuu. Wilhelm Ritzerfeld alibuni mwaka 1923, huko Ujerumani, mashine ya kurudufu kwa spiriti. Unaandika juu ya karatasi iliyolazwa kwenye kaboni yenye rangi ya anilini, na maandishi yanajichapa kinyume mgongoni mwake. Spiriti ikiyagusa, rangi inahamia kwenye nakala. Zambarau ilipendwa kwa kuwa rangi yake ina nguvu na hutoa nakala nyingi kabla ya kufifia. Sifa hiyohiyo ikawafaa wachora tatuu, maana ikishika ngozi inavumilia kufutwa kuliko mkaa. Walichohitaji ni unyevu wa kuihamisha tu. Wengi walitumia deodoranti ya kijiti iliyouzwa dukani, Speed Stick ikiwa maarufu kuliko zote, mpaka zikatoka dawa maalumu.

Thermofax iliondoa kazi ya kufuatisha kwa mkono. Ilibuniwa na Carl Miller wa kampuni ya 3M na kuingia sokoni mwaka 1950. Ndani yake kuna taa ya infraredi: mistari yenye kaboni hunyonya joto, joto likayeyusha rangi ya karatasi ya zambarau iliyoambatana nayo, na stensili ikatoka kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyo penseli na fotokopi nyeusi hufaa, huku mstari wa kalamu ya bluu ukipita bila kuonekana. Kasi nayo ina lake. Karatasi ikipita polepole mno mistari inanenepa, ikipita haraka mno inatoka hafifu. Anayeuziwa mashine kuukuu aijaribu kwanza kwa mchoro wa penseli, aangalie taa na mkanda wa kuvuta karatasi.

Mashine nyingi za stensili zinazouzwa leo zinatumia kichwa cha joto cha aina iliyozoeleka kwenye faksi, na ndogo zake huunganishwa na simu. Wengine hujaza wino wa stensili katika printa za matangi, aina ambayo Epson iliizindua Indonesia mwaka 2010 kwa watu wanaochapa sana na kutaka wino wa bei nafuu. Kwa mara nyingine kifaa cha ofisini kimehamia meza ya tatuu.

Kwa anayeanza kazi Nairobi au Dar es Salaam, ushauri wangu ni kwamba asikope kununua mashine. Pakiti ya karatasi za kaboni na kalamu ngumu vinatosha, na kufuatisha kwa mkono kutamfundisha mstari. Mashine itafuata wateja wakipatikana. Asibane tu matumizi kwenye usafi: deodoranti isisuguliwe kwenye ngozi za watu wawili, na kila stensili itumike kwa mteja mmoja kisha itupwe.