Katika Kila Mia: Hisabu ya Sehemu Mjini Isiolo

Mgeni aketiye leo katika hoteli yenye mashine ya risiti mjini Isiolo, akala wali na nyama ya ngamia pamoja na wenzake, na kushushia kwa chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, huletewa karatasi nyembamba yenye mistari minne: thamani ya chakula shilingi 1,000, VAT asilimia 16 shilingi 160, tozo ya utalii asilimia 2 shilingi 20, jumla shilingi 1,180. Nje ya mlango huo huo, mama auzaye maziwa ya ngamia kwa kipimo hupokea fedha yake bila ya karatasi na bila ya asilimia, maana maziwa yasiyosindikwa yamesamehewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Hisabu ya mashine na hisabu ya mama huyu ni majirani wa miaka mingi katika mji huu, na ya mama ndiyo iliyotangulia.

Isiolo, kaskazini ya Kenya, ni mji mchanga ukilinganishwa na Lamu au Mombasa. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya Waingereza iliwapa makazi hapa askari wa Kisomali waliokuwa wametumikia jeshi lake, aghalabu watu wa kabila za Isaaq na Harti, ambao asili yao ilikuwa Berbera, Aden na pwani zile. Hao walikuja na mifugo, biashara na dini, wakawakuta Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru katika njia panda baina ya nyanda za baridi na jangwa. Kwa kuwa wilaya za kaskazini zilifungwa kwa sheria, hata mtu asiweze kuingia wala kutoka ila kwa ruhusa, Isiolo ikawa lango lenye kizuizi. Na mpaka leo utamsikia mzee wa kaskazini akiaga kwamba anakwenda Kenya, ilhali yumo ndani ya Kenya. Ng'ombe nao walikuwa na kizuizi chao: karantini, walikoshikwa na kupimwa homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kuuzwa kusini.

Katika lango kama hilo, watu na wanyama hupita mmoja mmoja, na kila mmoja huhisabiwa kwa kichwa. Sidhani kwamba ni bahati tu kuwa kodi ya serikali nayo ilitozwa kwa kichwa, kiasi kile kile kwa mwenye ngamia mia na kwa asiye na mbuzi. Tena kiasi hicho kilipangwa kwa taifa la mlipaji, si kwa mali yake, na hapo ndipo Isiolo ilipotoa mojawapo ya visa vya ajabu katika historia ya kodi. Kati ya miaka ya 1936 na 1941, Wasomali wa Isaaq, wa Isiolo wakiwamo, waligombana na serikali juu ya kodi ya kichwa. Na dai lao halikuwa kupunguziwa, bali kuongezewa! Walitaka watozwe kiwango cha juu walichotozwa Waasia, kwa sababu waliona kwamba kiwango cha chini kiliwashusha daraja na kuwanyima haki zilizofuatana nayo. Kodi ilikuwa cheo, na mtu huweza kununua cheo kwa bei ghali. Wala asilimia haikuwa na la kusema katika ugomvi ule, maana asilimia haimuulizi mtu ukoo wake.

Pwani, hisabu ya mia ilikuwa imekwisha fika zamani kwa njia ya forodha. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, ilikubaliwa kwamba bidhaa za Wamarekani zitatozwa ushuru wa tano katika mia zishukapo nchini mwake, na mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 ukafuata kiwango hicho hicho. Lakini hiyo ilikuwa lugha ya mabalozi na ya matajiri wa Kihindi waliokodi forodha ya Unguja. Sokoni watu walihisabu kwa nusu, robo na thumni, na kwa mirathi wakajua thuluthi na sudusi kuliko wajuavyo wengi wetu tuliokwenda shule. Rupia nayo iligawanyika kwa ana 16 na pesa 64, namba ambazo hukatika nusu kwa nusu bila ya kubakisha kitu. Mwenye duka aliyeongeza ana moja katika kila rupia alijipatia faida ya sita na robo katika mia, wala hakuhitaji kuijua mia yenyewe. Senti za mfumo wa mia zilianza kutolewa mwaka 1906, nyingine zikiwa na tundu katikati. Mwaka 1920 rupia ikaondoshwa, florini ikapita kama mgeni wa siku moja, na shilingi ikashika nafasi kuanzia mwaka 1921. Tangu hapo kila mtu alikuwa na mia mkononi, hata asiyejua kusoma: senti tano katika shilingi ndiyo asilimia tano.

Ama watu wa Isiolo walikuwa na elimu nyingine ya sehemu, ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko ile ya risiti, nayo ni zaka. Ya fedha ni mbili na nusu katika mia, na hiyo ni nyepesi. Ya wanyama ni fani. Mwenye mbuzi 39 hatoi kitu. Wakifika 40 hutoa mmoja, na huyo mmoja humtosha mpaka 120. Wa 121 akizaliwa, hutoa wawili mpaka 200. Kuanzia 201 hutoa watatu, na kuanzia 400 hutoa mmoja kwa kila mia. Ngamia watano zaka yao ni mbuzi mmoja, kumi ni mbuzi wawili, na wakitimia 25 ndipo hutolewa ngamia jike aliyetimiza mwaka. Mfugaji asiyepata kushika kalamu huzijua daraja hizi kwa moyo, na maadamu anazijua, anajua kwamba mwenye mbuzi 40 hutoa asilimia mbili na nusu, na mwenye 120 hutoa chini ya asilimia moja. Jambo la kuangaliwa ni kwamba hesabu hii huanza kwa kuuliza mali yenyewe ni kiasi gani na imekaa mwaka au haikukaa, kisha ndipo hutaja sehemu. Haiwezekani kumtajia mtu sehemu pasipo kumtajia kwanza kile kinachogawanywa.

Asilimia ya risiti ya hoteli, kwa upande wake, ina historia fupi. Serikali ya Kenya ilianzisha kodi ya mauzo mwaka 1973, na mwezi Januari 1990 VAT ikachukua mahali pake. Kiwango kilipanda na kushuka mpaka kikatulia kwenye asilimia 16 mwaka 2003. Aprili 2020, wakati wa maradhi ya Korona, kikashushwa hadi 14, na Januari 2021 kikarudi 16. Duka au hoteli ambayo mauzo yake hayafiki shilingi milioni tano kwa mwaka hailazimiki kujiandikisha, na ndiyo sababu kibanda cha chai na mandazi hakina mistari minne.

Tuitazame basi ile risiti kwa makini. Mtu akiambiwa kwamba amelipa 1,180 na kwamba VAT ni 16 katika mia, haraka humtuma kuchukua asilimia 16 ya 1,180, akapata shilingi 188 na senti 80, kisha akamshuku mwenye hoteli kwa kuandika 160. Mwenye hoteli hana kosa. Asilimia ilikwisha hisabiwa juu ya 1,000. Mlaji anayetazama jumla tu, ili aifikie thamani ya chakula, yampasa kugawanya jumla hiyo kwa 1.18. Vivyo hivyo kodi iliposhuka kutoka 16 hadi 14, kitu cha shilingi 116 kilipasa kuuzwa 114, pungufu ya asilimia moja na kitu, kiasi ambacho mwenye duka aliweza kukimeza pasipo mnunuzi kuhisi. Na punguzo la asilimia 20 lililoandikwa kwa wino mwekundu dirishani, likifuatwa na jingine la 10 kwa mteja wa siku nyingi, si 30: kitu cha shilingi 1,000 hushuka hadi 800, kisha hadi 720. Aliyezoea daraja za zaka hangedanganyika hapa, kwa kuwa angeuliza kumi ya nini.

Mafuta ya gari ndiyo yaliyoufundisha mji huu asilimia kwa ukali kuliko hoteli zote. Mwezi Septemba 2018 yalitozwa VAT ya asilimia 8, na Julai 2023 ikawa 16. Wapo waliosema kwamba kodi imepanda kwa asilimia nane, na wapo waliosema kwamba imepanda maradufu; wote wawili walisema kweli, kila mmoja akiwa na msingi wake. Lakini mwenye lori apakiaye unga na sukari Isiolo kwenda Marsabit na Moyale hakuwa na haja ya mjadala huo. Aliongeza nauli kwa gunia, kwa shilingi kamili, na mwenye duka wa Marsabit naye akaongeza kwa kilo. Na kila mmoja alipozungusha namba ili ipendeze, aliizungusha kwenda juu.

Mnada wa mifugo haujabadili desturi. Ada ya kaunti hutozwa kwa kichwa, ngamia kwa bei yake na mbuzi kwa yake, na dalali aghalabu huchukua ujira wake kwa kichwa vilevile, awe amemuuza fahali aliyenona au mtamba aliyedhoofishwa na ukame. Wapo wataalamu wanaoshauri kwamba ada hizo zifuate asilimia ya bei, ili mwenye mnyama duni asilipe sawa na mwenye mnyama bora, na hoja yao ina uzito. Ila bei ya mnadani huafikianwa kwa kubanana vidole chini ya nguo, baina ya muuzaji na mnunuzi, na mkusanya ushuru hatatajiwa bei ya kweli. Lakini ngamia aliyesimama mbele yake hafichiki.