Nyaraka na Hesabu za Serikali katika Historia ya Masasi na Newala

Mwanafunzi atakaye kuandika historia ya Lisekese, pale Masasi, hutumaini kuikuta imekwisha pangwa katika majalada ya Serikali. Majalada yapo, wala si haba. Lakini kila karatasi iliandikwa kwa shughuli fulani ya utawala, na asiyeijua shughuli hiyo husoma maneno asipate maana.

Tuanze na Kitabu cha Wilaya. Katika kitabu hicho Bwana Shauri aliandika habari za makabila, mila, ardhi na nasaba za wakubwa wa nchi. Picha za vitabu hivyo, zilizopigwa katika filamu ndogo, zimehifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa. Humo mna hazina, na humo humo mna mtego. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya tawala za wenyeji, na maofisa wakashika kazi ya kutafuta watawala wa asili. Huko juu Newala Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja; kila mkulungwa alikuwa na watu wake na eneo lake. Basi mzee aliyeulizwa nasaba yake bomani alijua kwamba jibu laweza kumpatia cheo na mshahara. Sisemi kwamba wazee walisema uongo. Nasema kwamba swali lenyewe halikuwa la historia. J. Gus Liebenow, ambaye kitabu chake juu ya Wamakonde na utawala wa kikoloni kilitoka mwaka 1971, ameyachungua mambo haya kwa urefu, naye yafaa asomwe kabla ya majalada, si baada yake.

Ama hesabu za watu, hizo zataka hadhari zaidi, kwa kuwa tarakimu hujifanya haina mwandishi. Kabla ya mwaka 1948 hesabu zilitegemea sana orodha za kodi na maneno ya majumbe. Aliyeikimbia kodi aliikimbia hesabu pia, na huko kusini mto Ruvuma haukuwa mbali.

Kisha kuna mipaka. Jimbo la Kusini la mwaka 1957 lilikuwa pamoja na Songea na Tunduru. Mkoa wa Mtwara wa mwaka 1967 ulikuwa pamoja na Lindi, uliotengwa mwaka 1971. Hata katika siku zetu mambo ni yale yale. Hesabu ya mwaka 2002 iliipa Wilaya ya Masasi watu zaidi kidogo ya 440,000; ile ya mwaka 2012 iliipa 247,993. Msomaji mwenye haraka atatafuta njaa au tauni iliyowamaliza watu hao! Hapakuwa na msiba wowote. Nanyumbu ilikuwa imetengwa, nayo ilikuwa na watu 150,857, na Mji wa Masasi ukahesabiwa peke yake, watu 102,696. Ukizijumlisha zote tatu wapata 501,546, yaani watu waliongezeka. Makosa ya namna hii yakiingia katika barua ya kuomba zahanati au kisima, si mwanachuoni atakayekosa maji.

Majalada mapya nayo hayafunguliwi yote. Sheria ya mwaka 2002 imeweka muda wa miaka 30 kabla ya karatasi kuonyeshwa kwa watu wote, na mtafiti sharti awe na kibali chake.

Jambo moja halimo tena katika takwimu. Hesabu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Anayetaka kujua Wamakua wa Masasi wamekuwa wangapi tangu hapo, au wangapi wameoana na Wayao na Wamakonde, hatapata jibu katika vitabu vya Serikali. Itampasa apite kijiji kwa kijiji, kibali mkononi, na huko wazee watamwuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani.