Mzee Hana Namba ya Ukurasa

Kama umewahi kuandika tasnifu, unaijua kazi yenyewe. Ukichukua maneno ya mtu kitabuni unayafunga kwa alama za kunukuu, unataja jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Dondoo likiwa refu unalishusha chini, unalisogeza ndani ya pambizo, na alama unaziacha. Ukilikuta ndani ya kitabu cha mtu wa pili, sema limenukuliwa humo, usijifanye umesoma la asili. Haya yanafundishwa mwaka wa kwanza na mimi sina ugomvi nayo. Mwizi wa maneno ni mwizi tu.

Ugomvi wangu ni hilo jina tunaloliandika. Ni la nani?

Mimi nakaa Ilomba, hapa jijini Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Huku ni kwa Wasafwa tangu zamani. Mwanafunzi anayetaka kuandika habari zao za kale hawezi kukwepa Die Safwa, majuzuu matatu yaliyochapwa Berlin kati ya 1926 na 1929. Mwandishi ni Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi Utengule miaka mingi. Kitabu kimeandikwa kwa Kijerumani. Kwa hiyo kijana wa Kisafwa, ambaye bibi yake yuko hai na anaongea vizuri tu, inambidi aende Berlin kuuliza babu zake walizikwa vipi! Na akishapata jibu, jina analoandika kwenye tanbihi ni Kootz-Kretschmer. Lakini yule mama hakuyaota yale. Aliketi na watu, wakamwambia.

Simlaumu, tena yeye ni afadhali kuliko wengi. Aliandika pia visa vya maisha vya watu wa pande hizi, huku akiyahifadhi majina ya wasimulizi. Mmojawapo ni Narwimba, mwanamke aliyepitia misukosuko ya biashara ya watumwa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, karne ya 19. Mwaka 1993 mwanahistoria wa Marekani, Marcia Wright, alivitumia visa hivyo katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake, na Narwimba yumo kwa jina lake. Mwanafunzi wa leo anaweza kuandika kwamba Narwimba alisimulia hivi na hivi. Jina moja tu lilibaki, na mama wa watu hakugeuka kuwa “mwenyeji mmoja”.

Kule pwani mambo yaliharibika zaidi, na hapa naomba tukae kidogo. Mwaka 1903 kilitoka Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina kwenye jalada: Carl Velten. Kumbe sehemu kubwa ya maneno yale ilikuwa kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Wala usidhani alikuwa mzee wa kijijini asiyejua kalamu. Alikuwa msomi, na tangu 1900 alifundisha Kiswahili huko huko Berlin, mji aliofia mwaka 1927. Mwalimu mzima, mwenye mwandiko wake, anafichwa nyuma ya jina la mwingine. Vizazi vya wataalamu wakapita wakinukuu, na kila tanbihi ikisema Velten, 1903. Walifuata kanuni barabara. Mwaka sahihi, ukurasa sahihi. Mtu tu ndiye aliyekosewa. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo Mtoro alipotajwa mbele kama mwandishi. Hesabu mwenyewe: miaka 78.

Najua kuna atakayesema, sawa bwana, lakini mzee hana namba ya ukurasa. Nitamhakiki vipi? Kesho akibadili maneno je? Swali ni la haki, ila lilishajibiwa hapa hapa nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumwa vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji. Walikaa na wazee waliokuwa na kumbukumbu za miaka ile ya 1905 hadi 1907. Mahojiano yaliwekwa kwenye majalada yenye namba, na wanahistoria wamekuwa wakizitaja namba hizo katika tanbihi kama mwingine anavyotaja ukurasa. Hakukuwa na kompyuta wala simu ya kurekodia mfukoni.

Nasema haya kwa sababu mdogo wangu anaandika juu ya mazishi ya Wasafwa. Msimamizi wake mmoja alikata kwa wino mwekundu maneno ya mzee wa jirani, akaandika pembeni: “Chanzo?” Kurasa mbili mbele, jambo lile lile likiwa limetajwa kutoka kitabu cha Kijerumani, lilipita bila alama yoyote. Dogo alitaka kumfuta mzee, yaishe.

Tulikaa mezani jioni ile, mzee hatukumfuta. Kwanza dogo alirudi kumwomba ruhusa ya kumtaja. Kisha tukaandika tanbihi: jina la mzee kama mwenyewe anavyoliandika, mtaa, tarehe ya mazungumzo, kwamba alisema kwa Kisafwa, na nani aliyetafsiri. Maneno yake ya Kisafwa tukayaweka kwanza, Kiswahili chini yake, ili anayebisha abishane na mzee, asibishane na tafsiri. Sauti imehifadhiwa kwenye kaseti ya siku hizi, yaani simu, na nakala moja ipo kwangu. Tasnifu imerudishwa kwa msimamizi Jumatatu.